Sonona baada ya kupunguzwa kazi sio uvivu

Ile meseji ya "aliyepunguzwa kazini akisema ana sonona ni mvivu tu, apewe mtaji afungue genge atapona" imerudi tena kwenye magrupu, jamani sio kweli. Sonona ni ugonjwa, huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi unakata saa tisa usiku, unafungua CV kwenye simu unaiangalia tu mpaka kunakucha. Kwa nje anaonekana mvivu kweli, ndo maana watu wanachanganya. Kazi mpya inaweza kusaidia ila sio tiba. Ukitaka uhakika muulize daktari, kuna fomu ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na sonona inatibika kwa ushauri nasaha au dawa. Tafadhali meseji hiyo ya uvivu ikikufikia usiifowadi, huenda kwenye grupu lako kuna mtu ameachishwa juzi na anaisoma kimya.