Kibanio cha ng'ombe: ingia wewe kwanza uone anachokiona yeye, ndo ununue simenti

Wafugaji wa Tanga hamjambo. Leo naomba tuongelee kibanio, au krashi kama wengi wenu mnavyoita, yaani kile kichochoro chembamba cha kumbana ng'ombe atulie achanjwe au atibiwe, pamoja na maboma yake ya kukusanyia na sehemu ya kupakilia kwenye lori. Kwenye kazi yangu ya utafiti na ushauri wa mifugo napita kuanzia Pongwe na Amboni, Muheza, Korogwe mpaka Handeni huko kwa wenye mifugo mingi, na kitu kinachoniumiza kichwa sio kwamba watu hawana vibanio, siku hizi wengi wanajenga tena kwa pesa nzuri tu, shida ni kwamba ng'ombe hawataki kuingia. Mtu ana zege, ana mabomba, ana geti limepakwa rangi, na siku ya chanjo vijana sita wanapiga kelele na fimbo juu.

Kuna shamba moja Korogwe, jina tuliache, walituita tuchanje ng'ombe kama 80 hivi. Kichochoro chao kilikuwa na upana wa futi tatu, tena wanajivunia kabisa kwamba wamewawekea ng'ombe nafasi. Wa kwanza akaingia, wa pili akaingia, wa tatu mtamba mwembamba akageuka humo humo ndani akaanza kurudi huku wenzake wanakuja, wakakutana uso kwa uso, mmoja akapanda juu ya mwenzake, akaangukia mgongo, miguu juu. Tulikata fito kwa msumeno kumtoa. Mpaka saa 6 mchana tumechanja 19, na chanjo iliyokuwa imeshachanganywa ikabidi tuimwage maana zile zikishachanganywa hazingoji mtu. Hao wengine walibaki bila chanjo kwa sababu ya inchi nane tu.

Inchi nane, ndiyo. Ng'ombe mkubwa anahitaji upana wa ndani wa inchi 26 mpaka 28, yaani kama sentimita 66 hadi 71. Kwa zebu wetu wa kienyeji 26 inatosha kabisa, kwa chotara wa maziwa au Borani walioshiba nenda 28. Kipimo hiki ukimwambia fundi anashangaa, anasema ng'ombe atabanwa, sasa si ndo maana kinaitwa kibanio! Ukiwa na ndama wengi na wakubwa pamoja, jenga umbo la V, chini sentimita 40 hadi 45 na juu kama 75, hapo ndama hawezi kugeuka kwa sababu miguu haina nafasi na dume naye tumbo linapita. Urefu wa kwenda juu mita moja na nusu inatosha kwa ng'ombe wapole, ila kama mifugo yako inatoka porini haijazoea watu ongeza mpaka 1.7, maana wanaruka hawa, usiwaone hivi.

Ndefu kiasi gani? Ng'ombe mmoja anakula mita moja na nusu. Kwahiyo kichochoro cha ng'ombe watano ni kama mita saba na nusu, na kwa shamba la ng'ombe hamsini mpaka mia hapo panatosha sana. Kuna watu wanajenga mita 20 wakidhani ndo kazi itaenda haraka, alafu akilala mmoja katikati inakuwa kesi. Na kwa hilo hilo la kulala, upande mmoja weka fito za chini ziwe za kuchomoa, usipigilie zote, siku ng'ombe akianguka utanikumbuka.

Sasa nirudi kwenye jambo lenyewe ambalo ndo limenifanya niandike. Ng'ombe haoni kama wewe. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote akiwa amesimama tu, sehemu ndogo nyuma ya mkia ndo haoni, lakini umbali na kina cha kitu anakipima vibaya. Kivuli cha nguzo kilicholala chini kwake kinaweza kuwa shimo. Dimbwi la maji linalong'aa, mnyororo unaoning'inia, koti lako ulilotundika kwenye fito, mfuko wa rambo umenasa kwenye waya, mbwa amelala mbele ya geti, kimoja tu kati ya hivyo kinasimamisha msafara mzima, na wewe huku nyuma unampiga wa mwisho ambaye hana kosa lolote. Kuna profesa mmoja Marekani anaitwa Temple Grandin, wa Chuo Kikuu cha Colorado State, mama huyu ana usonji na ndo amebadilisha sana namna vibanio na machinjio ya kule yanavyojengwa, yeye alikuwa anaingia mwenyewe ndani ya kichochoro kuangalia ng'ombe anaona nini. Wenzake walikuwa wanamshangaa. Mi siku hizi nafanya hivyo hivyo, nainama nashika magoti natembea humo ndani, wafugaji wanacheka, ila mara nyingi natoka na jibu. Pale Korogwe mbali na ule upana niligundua mwisho wa kichochoro palikuwa na ukuta wa stoo, yaani ng'ombe anaona anapelekwa kwenye ukuta! Nani aende.

Kwahiyo mwisho wa kichochoro uelekee kwenye nyasi, au kwenye boma ambalo wenzake wanaonekana. Ng'ombe anamfuata mwenzake, akibaki peke yake anachanganyikiwa. Pia anapenda kurudi alikotoka, kwahiyo ukiweza geuza mpango wako ili njia ya kibanio iwe inamrudisha upande aliotokea asubuhi, atakwenda bila kulazimishwa. Na jua: kazi hii tunafanya asubuhi, kuanzia saa 12 mpaka saa 4 kabla joto letu la pwani halijachachamaa, basi usielekeze kichochoro mashariki jua likampiga machoni. Kaskazini-kusini ni salama zaidi. Mbavu za kichochoro ukiweza ziziba, kwa mbao za pembeni zile za bei rahisi au hata mabati ya zamani yaliyofungwa vizuri yasigonge gonge, asione watu wanaozunguka pembeni, aone mbele tu.

Eneo lenyewe chagua palipoinuka, maji yasisimame. Masika ya kwetu mnayajua, na kule bonde la Korogwe penye udongo mweusi ng'ombe watano wakipita mara mbili pameshakuwa tope la magoti. Kama hela ya zege ni ndogo, weka zege kwenye kichochoro na pale mbele ya geti tu, kwingine shindilia kifusi cha moramu. Na zege lisiwe laini jamani! Fundi akimaliza kulainisha anajisikia amefanya kazi safi, kumbe ametengeneza sehemu ya kuvunjia ng'ombe nyonga. Likiwa bado bichi mwambie alichore mistari ya kina kwa mbao au nondo, na liwe na mwinamo kidogo, kama sentimita mbili kwa kila mita, mkojo na maji ya kuoshea yatiririke.

Miti. Muheza mna bahati ya misaji, mabanzi na fito za misaji zinadumu na mchwa hawazipendi sana. Milingoti ya mkonge naiona imetumika sana kwenye mazizi, ni sawa kwa boma la ndama lakini kwenye kichochoro hapana, dume akiegemea imekwisha. Nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa kiwandani ni nzuri, shimo lichimbwe futi mbili na nusu mpaka tatu, nguzo na nguzo zikae futi tano au sita. Boriti za mikoko msiziguse, mikoko inalindwa na kibali lazima. Wenye mashamba jirani na bahari, mabomba ya chuma yanaliwa na chumvi haraka sana hasa pale palipochomelewa, paka rangi ya kuzuia kutu kila mwaka au tumia mbao. Alafu kitu kidogo ambacho karibu kila fundi anakosea: fito zikae upande wa ndani wa nguzo, upande wa ng'ombe. Akisukuma anazikandamiza kwenye nguzo, hazing'oki, na nyonga yake haigongi nguzo. Na tumia bolti, misumari inachomoka inabaki imetokeza inachana ngozi.

Boma la kusubiria hesabu mita mbili za mraba kwa kila ng'ombe mkubwa, ng'ombe 50 ni hatua kumi kwa kumi hivi. Kutoka hapo kuna kiboma kidogo chenye umbo la mdomo wa gunia, upande mmoja umenyooka na kichochoro na upande mwingine umekaa mshazari, sio faneli yenye pande zote mbili mshazari maana hapo wawili wanabanana mlangoni hakuna anayempisha mwenzake. Kiboma hicho usikijaze, ingiza nusu tu, ng'ombe wapate nafasi ya kugeuka waone mlango. Watu wengi wanashindilia kama daladala ya Ngamiani jioni alafu wanalalamika.

Geti la kichwa lile la mkasi wa miti miwili ni zuri na fundi yeyote wa kijijini analiweza, mti mmoja umesimama na mwingine unalala, juu unafunga kwa pini. Toboa matundu kadhaa ya pini ili ubadilishe kwa shingo ya mtamba na shingo ya dume. Miti inyooke, usiweke iliyojipinda, ng'ombe akipiga magoti kwenye mti ulionyooka anateremka nao bila kukabwa koo. Nyuma yake kuwe na fito ya kupitisha ili asirudi na asimpige teke mtu anayepima mimba au anayefanya uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu. Na mkono usiupitishe katikati ya fito kumshika ng'ombe aliye kwenye mwendo, nimeona mkono ukivunjika kama muhogo mkavu. Pembeni weka ubao wa kusimama ili ukingo wa juu ukufike kiunoni, dawa ya kumwagia mgongoni kwa wale wa Pangani wenye shida ya mbung'o unaimwaga ukiwa umesimama vizuri.

Kipandio cha lori wengi wanakiacha wakidhani ni anasa. Pima sakafu ya Fuso linalokuja kwako, mara nyingi ni zaidi ya mita moja, mwinamo usizidi nyuzi 20 na kitu hivi, weka ngazi fupi za sentimita 10 kwenda juu na 30 za kukanyaga. Ng'ombe aliyepanda kwa kupigwa anafika mnadani na majeraha, mnunuzi anayaona, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo haipendi hayo mambo.

Mtaniuliza kwa nini haya yote sasa hivi. Kwa sababu kazi za kumshika ng'ombe zimekuwa nyingi. Hereni za utambuzi, zile za kuvishwa sikioni, zipo kisheria tangu 2010, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi imezinduliwa 2025, kuna chanjo ya homa ya mapafu, kuna ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ambayo inatunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, ikishayeyushwa mnahesabu masaa tu, tena inaenda na sindano ya dawa inayopimwa kwa uzito wa mnyama, sasa utampimaje kifua kwa utepe ujue uzito wake wakati anakuburuta kwa kamba? Ya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, ndo usiseme, ile ina vimelea hai, ng'ombe akiruka sindano ikakuchoma wewe unaweza kuugua.

Wale wa ng'ombe wawili watatu wa maziwa msione haya hayawahusu. Kibanio cha ng'ombe mmoja nyuma ya banda, nguzo sita, upana ule ule wa inchi 26 hadi 28, urefu mita mbili, geti la mkasi mbele na fito nyuma. Kazi ya siku mbili.

Kabla hujachimba hata shimo moja, piga vigingi, funga kamba na vitambaa uchore kila kitu chini, mwite afisa mifugo wa kata maana yeye ndo atafanya kazi humo, alafu pitisha ng'ombe wako mmoja mpole uone anasimama wapi. Akisimama usimpige, inama uangalie anachokiangalia. Na kikishakamilika, wiki mbili za mwanzo wapitishe tu bila kuwafanya chochote, mwisho wa kichochoro wawekee pumba na molasi kidogo. Lile shamba la Korogwe walipigilia mbao kwa ndani kupunguza upana, wakahamisha geti likatazama malisho, wakafanya hivyo na pumba. Tuliporudi ng'ombe 80 tulimaliza kabla ya saa 4, na yule mtamba aliyepinduka alikuwa wa kumi na moja, akasimama kidogo mlangoni, akanusa, akaingia.