Gita la besi la stereo linavuma? Jua kwanza mvumo unaingilia wapi

Gita la besi likigeuzwa kuwa la stereo, yaani kila pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ikipewa njia yake hadi kwenye amplifaya yake, mara nyingi mvumo huongezeka hata kama kila waya umelehemiwa vizuri. Wengi hukimbilia utepe wa shaba, unaobandikwa ndani ya gita ili kukinga kelele. Shaba ina kazi yake, lakini kwenye stereo mimi huiweka nafasi ya tatu. Kinachobadilika kwanza ni kwamba pikapu mbili zilizokuwa zinafutiana mvumo zimetenganishwa. Cha pili, gita limeshikana na amplifaya mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kitanzi cha ethi, yaani duara la nyaya za ethi linalopitisha mkondo, kinapozaliwa.

Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, fanya majaribio manne. Chomoa kebo ya amplifaya ya pili, ubaki na moja. Mvumo ukipungua sana hapo hapo, una kitanzi cha ethi, na hakuna utakachofanya ndani ya gita kikaliondoa tatizo. Ukibaki vilevile, funga kitufe cha sauti mpaka mwisho: kelele ikiendelea, inaingilia kwenye kebo au amplifaya. Kelele ikikatika, fungua kitufe tena kisha ujizungushe taratibu ukiwa umeshika gita. Mvumo unaopanda na kushuka kadiri unavyogeuka ni wa uga wa sumaku, kwa kawaida kutoka transfoma iliyo karibu. La mwisho, gusa nyuzi. Kelele kali ya juu inayotulia ukigusa ni ya uga wa umeme, na hiyo ndiyo shaba huitibu. Lakini ikipanda unapogusa, huenda waya wa ethi wa daraja (kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi) umekatika, au nyaya mbili za jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo, zimebadilishana nafasi.

Sasa tuingie kwenye pikapu. Besi nyingi za aina ya Jazz Bass zina pikapu mbili za koili moja moja, waya wa koili ya pili ukiwa umezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa. Zikichanganywa kwa sauti sawa, sauti ya nyuzi hujumlishwa, ila mvumo wa hezi 50 au 60 unaonaswa na koili hizo hufutana. Ukizitenganisha kwa stereo, kila moja inabaki peke yake na mvumo wake. Hilo si kosa la fundi. Lithibitishe kwenye mikisa: ingiza pande mbili kwenye chaneli mbili kwa kiwango sawa, zote zikiwa katikati, usikilize. Kisha sukuma moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Mvumo uliokuwa umezimika utarudi pande zote mbili, wala hujagusa gita.

Utepe wa shaba hauzuii uga wa sumaku wa masafa ya chini namna hiyo. Dawa ni pikapu ambayo kila moja inajifutia mvumo yenyewe: ya koili mbili zilizopandana, zilizolala ubavu kwa ubavu, au zilizogawanywa mbili mbili kwa nyuzi. Kama hutaki kubadili pikapu, usipeleke pande mbili mbali kabisa, maana kadiri zinavyochanganyika ndivyo mvumo unavyozidi kufutwa. Chunga pia kuweka kifaa cha kukoroza sauti upande mmoja tu, kwa sababu ishara mbili zisizofanana tena hazifutani vizuri.

Kitanzi cha ethi ndicho kinachowasumbua watu kuliko vyote. Bodi, yaani kasha la chuma, ya kila amplifaya imeungwa na ethi ya jengo kupitia plagi yake ya ukutani. Ngao za kebo zako mbili, yaani tabaka la chuma linalozunguka waya wa ishara, zinakutana kwenye shina (sehemu ndefu ya nyuma) la plagi ya stereo, pale kwenye gita. Duara limekamilika: kutoka amplifaya ya kwanza, kupitia ngao hadi kwenye gita, kurudi kwa ngao ya pili, halafu kufunga kupitia nyaya za ukutani. Tofauti ndogo ya volti kati ya bodi mbili inatosha kusukuma mkondo kwenye ngao, nao unasikika kama mvumo mzito wenye ukali juu yake.

Usikate wala kuziba pini ya ethi ya plagi ya ukutani, hata kwa wimbo mmoja. Nyuzi unazozishika zimeungwa na bodi ile. Amplifaya ikipata hitilafu ndani, pini hiyo ndiyo inayosimama kati yako na umeme wa ukutani, hasa midomo yako ikigusa maikrofoni iliyounganishwa na mfumo mwingine.

Anza na hatua isiyo na gharama: chomeka amplifaya zote mbili kwenye ekstensheni moja, na kebo mbili zipite pamoja, zisiachane. Kitanzi kinakuwa chembamba na tofauti ya volti inapungua. Isipotosha, tenganisha njia moja kwa transfoma ya ishara, inayopitisha sauti kwa sumaku bila shaba ya upande mmoja kugusa ya upande wa pili. Hapa wengi hukosea kwa kununua transfoma ya omu 600 na kuiunganisha moja kwa moja na pikapu ya kawaida. Pikapu inalemewa, na sauti inatoka butu kama imefunikwa blanketi. Tanguliza pedali yenye bafa (saketi inayozuia pikapu isilemewe), au tumia boksi la DI (kisanduku cha kuunganishia gita na mikisa) lenye swichi ya kukata ethi na ingizo la upinzani mkubwa. Swichi hiyo hukata ngao ya kebo ya ishara tu, kwa hiyo ni salama. Kukata ngao ya kebo ya kawaida kwa kisu hakusaidii, kwani ngao ile ndiyo njia ya kurudi ya ishara, na ukiikata mvumo huongezeka. Pedali zako zikila umeme wa adapta moja yenye matawi, matawi hayo nayo hutengeneza kitanzi. Tafuta adapta yenye matundu yaliyotenganishwa.

Ndani ya gita, mambo matatu ya stereo hukosewa mara kwa mara. Kwenye Jazz Bass waya wa pikapu huingia mguu wa katikati wa poti (kidhibiti kilicho chini ya kitufe) na sauti hutokea mguu wa pembeni, ili pikapu moja isiizime nyingine. Kwenye stereo sababu hiyo imeondoka. Badilisha: pikapu iingie pembeni, sauti itoke katikati. Hapo ukifunga kitufe, njia ya kutokea inagusa ethi moja kwa moja na inanyamaza kabisa. Pili, poti moja ya toni haiwezi kuhudumia pande mbili, kwani itaziunga na stereo itakufa. Weka poti pacha ya kilo-omu 250 na kapasita mbili za nanofaradi 47.

La tatu ni jeki. Ncha ya plagi hubeba pikapu moja, pete inayofuata hubeba nyingine, na shina ni ethi. Ndivyo ilivyo pia kwenye Rick-O-Sound, tundu la stereo la besi za Rickenbacker 4001 na 4003. Ukichomeka plagi ya mono, pete inagusana na shina na pikapu moja inanyamaza, hivyo usidhani imekufa. Kwenye besi yenye betri ya volti 9, mara nyingi pete ndiyo swichi ya betri, basi utahitaji jeki yenye swichi yake ya pembeni. Ukishabandika shaba, angalia ulimi wa jeki: plagi ikiingia unasukumwa nje milimita chache, na ukigusa shaba sauti inakatika kila unapochomeka. Bandika utepe wa plastiki hapo.

Shaba yenyewe ichague yenye gundi inayopitisha umeme. Ipandishe mpaka ukingoni ili iguse ile ya bati la juu, lehemu viungo kwa nukta ndogo, na waya mmoja uende kwenye ethi. Kati ya kona yoyote na shina la jeki, multimita isome chini ya omu 1.

Kebo iwe na ngao mbili, kila waya na yake. Nyaya mbili zikikaa ndani ya ngao moja, sauti za juu za pikapu moja huvujia nyingine.

Kabla ya kufunika, chomeka plagi ya stereo na ufungue sauti zote. Ncha kwa shina, na pete kwa shina, zisome karibu na upinzani wa pikapu, kwa mfano kilo-omu 7. Ncha kwa pete zisome jumla ya mbili hizo. Zikisoma karibu na sifuri, kuna tone la lehemu au shaba linalounga pande mbili, na mara nyingi utalikuta pale pale kwenye masikio ya jeki.