Lenzi moja ya kila kitu kwa kamera ya fulu fremu: anza na namba ndogo

Wenye kamera ya fulu fremu (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) wanaotaka lenzi moja ya kuzunguka nayo kila mahali huniuliza kwanza inavuta hadi wapi: milimita 200, 240 au 400? Mimi huwarudisha kwenye namba ya mwanzo: ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi.

24 na 28 zinaonekana zimekaribiana sana, lakini ukipima kona kwa kona, milimita 24 inaona takriban nyuzi 84 na 28 inaona 75. Upande wa pili, kutoka 200 hadi 240, tofauti ni nyuzi mbili tu. Simama kichochoroni Mji Mkongwe, mgongo ukutani, mbele yako mlango wa nakshi. Kwa 24 unaweza kuupata wote pamoja na baraza. Kwa 28 huenda ukalazimika kuchagua, ukate kizingiti cha juu au baraza, na nyuma hakuna pa kurudi. Kitu cha mbali kikionekana kidogo mno pichani, utaikata picha baadaye kwenye kompyuta. Kilichobaki nje ya fremu ndiyo basi tena.

Kwa hiyo mwenye Nikon Z namwambia atazame 24-200 f/4-6.3 kabla ya 28-400 f/4-8 (namba ya f ni ya tundu la mwanga: ikikua, tundu linakuwa dogo). Ya kwanza ina gramu 570, ya pili 725, na shingo inaijua tofauti hiyo ikifika jioni. Ila kwa mbugani nabadilisha kauli. Serengeti gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama, hivyo chui aliye mbali atabaki mbali, na vumbi la kiangazi halikupi nafasi ya kubadilisha lenzi ndani ya gari lililo wazi. Hapo 400 ina kazi. Jiandae tu kwamba alfajiri, kwa f/8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) itapanda na picha itaanza kuonyesha chenga.

Mwanga ndio watu wengi hawauulizi. Hiyo 24-200 hufika f/6.3 kabla hujafika milimita 100, kwa hiyo picha nyingi za sura utazipiga kwenye tundu dogo. Kwa Sony, Tamron 28-200 f/2.8-5.6 ya 2020 inaanzia 28, na bado naipenda kwa sababu ya ile f/2.8 ya mwanzo na gramu zake 575. Haina kidhibiti mtikisiko chake yenyewe, hivyo inataka bodi ya kamera yenye nacho, kuanzia A7 II. A7 ya kwanza haina. Canon RF 24-240 inacho, jambo zuri kwa mwenye kamera ya EOS RP isiyo nacho, lakini kwenye 24 kona zake hutegemea sana marekebisho ya programu. Ifungue RAW (faili ghafi la kamera) bila marekebisho uone zilivyo nyeusi.

Kwa harusi ya usiku ukumbini, ongeza 35 au 50 ya f/1.8. Inapitisha mwanga karibu mara 12 zaidi ya f/6.3, na hakuna zumu ya aina hii itakayofidia hilo.

Ukinunua iliyotumika, ielekeze chini ikiwa kwenye 24 bila kuifunga, uone kama bomba linateremka lenyewe. Kisha piga ukuta wa matofali kwenye 24, 70 na mwisho wake, ukuze kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine kila mara, na ulisimama sambamba na ukuta, huenda vioo vya ndani vimehama. Irudishe.