Tatu, nne, tano: fundi wa mtaani na suala la cheti

Mwambie mwashi aliyejifunza kazi mtaani akuwekee kona ya msingi, kisha simama pembeni umwangalie. Atapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, atapigilia vigingi, halafu atavuta futi kutoka kigingi hadi kigingi. Ikisoma 5 kamili, kona imekaa mraba. Isiposoma 5, atasogeza kigingi na kupima upya. Ukimuuliza Pythagoras, mwanahisabati wa kale anayetajwa kwa kanuni hii, ni nani atakushangaa, na kona yake iko sawasawa.

Sisi tunaopima ujuzi wa mafundi tunayaona haya kila mara. Je, fundi kama huyu anahitaji cheti cha nini? Cheti hakijengi ukuta; kazi yake ni kumsemea fundi pale ambapo mwajiri hajawahi kumwona akijenga. Mwenye kiwanja Mbagala, Dar es Salaam, anayetafuta mwashi ataulizia kwa jirani aliyejengewa, basi. Mkandarasi anayeomba zabuni ya serikali hana nafasi hiyo: anatakiwa kuambatisha wasifu na vyeti vya watu wake, na sifa za jirani haziambatishwi. Utumishi wa umma nao unaajiri kwa miundo ya kada, ambamo elimu na ngazi ya mshahara vimefungwa pamoja.

Zipo kazi zisizo na mjadala. Udaktari, uuguzi, uwakili: huko usajili ni sharti la sheria. Kutandaza nyaya za umeme hapa Tanzania kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hata kama umeifanya kazi hiyo miaka 20.

Kwa mwashi, seremala au mpishi aliyejifunza kwa kukaa na fundi, mlango upo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, hupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wengi wanaiita kazi hii urasimishaji wa ujuzi. Mwombaji anajaza fomu, anahojiwa, kisha anafanya kazi kwa vitendo mbele ya mpimaji. Mapengo yakionekana, anapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba kabla ya kutunukiwa cheti. Kenya wanayo mitihani ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, inayopanda kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza.

Na mapengo huwa yapo. Fundi yule yule wa tatu, nne, tano utamkuta anaongeza maji kwenye zege ili literemke vizuri kwenye nguzo. Litateremka kweli, lakini maji yaliyozidi yakishakauka yanaacha vitundu ndani na nguvu ya zege inashuka. Hakuna aliyemwambia, fundi aliyemfundisha naye alikuwa akifanya hivyo hivyo. Kumwagilia ni vivyo hivyo: anamwagilia siku mbili, anaona limeshakuwa gumu, anaacha, wakati zege linahitaji unyevu kwa siku 7 hivi. (Wahitimu wa chuo nao wana yao. Wapo wanaotaja uwiano wa zege bila kusita, ila ukiwapa mwiko unawashinda.)

Mafundi wengi wanakuja kupimwa mikono mitupu. Njoo na picha za kazi zako, na uzipige kazi ikiwa inaendelea: msingi ukiwa wazi, nondo kabla zege halijamwagwa, ukuta kabla ya lipu. Nyumba iliyokwisha kupakwa rangi haimwonyeshi mpimaji nondo zilivyofungwa.