Mikono Emali, Akili Embakasi

Nikiambiwa tena na dereva wa trela, "Mwalimu, mimi sishiki simu, naongea na iyafoni," nitafunga darasa langu la udereva nikachome mahindi Mlolongo. Askari wa trafiki huona simu iliyo mkononi, ile ya sikioni haioni, ndiyo maana watu wakaamua kosa ni la mkono.

Meseji tumalizane nazo upesi. Watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walifunga kamera ndani ya malori. Ripoti yao ya 2009 inasema anayeandika meseji yumo hatarini, ya ajali au ya kuponea chupuchupu, mara 23 kuliko asiyeandika. Katika sekunde 6, macho yalikuwa nje ya barabara kwa sekunde 4.6. Gavana, kile kidhibiti mwendo cha lori, ikikukatia kilomita 80 kwa saa, unakula mita 22 kila sekunde. Hizo 4.6 ni mita 102: makontena manane ya futi 40 yamepangwa kichwa kwa mkia, nawe hujaona hata moja. Breki bado hujagusa. Ukigusa, upepo wa breki nao unataka kama nusu sekunde kufika chemba za breki za nyuma, basi ongeza mita 11.

Sasa iyafoni. Uko Emali, barabara ya Nairobi–Mombasa, ofisi inapiga: "Ile kontena uliyoacha Embakasi, sili yake ilikuwa namba gani? Na dizeli ulijaza lita ngapi?" Ili ujibu, lazima urudi yadi ya Embakasi, Nairobi, kwa akili, uzunguke nyuma ya kontena, usome sili, ile lakiri ya mlangoni. Macho yametazama mbele, lakini mwenye macho hayupo. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Utah yalionyesha jambo hilihili: watu waliokuwa wakiongea na simu isiyoshikwa walikitazama kitu moja kwa moja na baadaye mara nyingi hawakukikumbuka. Fikiria kitu hicho ni bodaboda isiyo na taa ya nyuma.

"Kwani tanboi haongei?" Msaidizi wako anaongea, tena sana. Lakini tanboi anaiona barabara. Probox ikichomoka mbele yenu, ananyamaza katikati ya neno au anapiga kelele. Mtu wa ofisini yeye anazidi tu: "Haloo? Haloo? Unanisikia?"

Kuna ukurasa ambao wenzangu wengi hupenda kuuruka. Ripoti ileile ya 2009 haikukuta kwamba kuongea na simu isiyoshikwa kunaongeza hatari. Tena hatari ilionekana kupungua. Kubonyeza namba ndiko kulikoipandisha, karibu mara 6. Huenda madereva huchagua barabara ikiwa wazi ndipo wapige. Huenda maongezi yanafukuza usingizi. Saa tisa usiku kati ya Mtito Andei na Voi, kubishana mpira polepole kwa iyafoni na dereva mwenzako siwezi kuapa kwamba ni dhambi, ingawa dawa ya usingizi ni kulala. Ila msinichanganyie mambo: porojo unaweza kuiacha ikining'inia, swali la bosi linadai jibu sasa hivi.

Kwa hiyo mabosi, swali la kwanza liwe "Umesimama?" Akisema hapana, kata simu. Maelekezo yote yatumwe kabla lori halijatoka geti. Na dereva, ile simu ya pili, ya M-Pesa, izime mlio, uitie kwenye sanduku nyuma ya kiti. Ikikaa dashibodi, kila ikiwaka utaitazama tu, hata ukiapa. Ujibu ukishaegesha na kuvuta handibreki, si kwenye foleni ya mizani ambako lori la mbele linasogea kila dakika.

Na wewe unayejisifu huna shughuli na simu, kazi yako ni miraa tu: unapapasa furushi, unakiinua kijiti kwenye mwanga wa dashibodi uone kama ni laini, unavua ganda kwa meno, unatema dirishani, kisha unatafuta bigijii mfukoni. Sekunde hizo zihesabu mwenyewe, mita 22 kwa kila moja.