Maji ya Gwiju

Wengi wanaipenda simulizi hii: mwaka 1019, Jenerali Gang Gam-chan wa ufalme wa Goryeo, Korea ya kale, alizuia mto huko Gwiju, kisha akafungulia maji yakalizamisha jeshi la Wakhitani, wavamizi kutoka kaskazini. Ni simulizi tamu, ila imechanganya mapigano mawili.

Mtego wa maji ulitegwa mwishoni mwa 1018 huko Heunghwajin, ngome iliyo karibu na mto Yalu. Kumbukumbu za Goryeo zinasema ngozi za ng'ombe ziliunganishwa kwa kamba nene, zikaziba kijito mashariki ya ngome. Askari wapanda farasi 12,000 walijificha bondeni. Adui alipofika, maji yakaachiliwa na waviziaji wakamvamia. Kijito cha majira ya baridi hakiwezi kumeza jeshi zima. Kazi yake ilikuwa kuvuruga safu. Nao Wakhitani waliendelea kusonga kusini hadi karibu na mji mkuu, Gaeseong, ndipo wakageuka.

Huko Gwiju, jeshi la Goryeo lilikutana na Wakhitani wakirudi, wamechoka. Hapo palikuwa uwanja wa wazi. Vita vilisimama sawasawa mpaka kikosi cha Kim Jong-hyeon, kamanda mwingine wa Goryeo, kilipowasili, na upepo wenye mvua ukaanza kuvuma kutoka kusini, usoni mwa adui. Wako waliozama kwenye mito ya hapo, lakini bila bwawa lolote.

Na Gang, mzee wa miaka 70 hivi, alikuwa ofisa msomi. Kuyapa maji sifa zote ni kuwadhulumu yeye na watu wake.