Je, jua la Malindi huwakuza funza wa maembe au huwaua?

Pasua boribo lililoanguka chini ya mwembe hapa Malindi, kaskazi ikivuma, utakuta funza weupe. Mmoja hujipinda kama pete, kisha hufyatuka na kuruka. Mama yake ni nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003.

Barazani nilikuwa nikibisha kwamba jua likizidi, funza nao huzidi. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonipoteza. Mwili wa mdudu huendeshwa na joto la nje, kwa hiyo likipanda naye hukua mbio. Nikadhani mbio hizo hazina mwisho. Kumbe zinao, tena wa ghafla! Maabara, kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, yai huwa nzi kamili kwa siku 18 hivi. Kwenye nyuzi 35 mfululizo, usiku na mchana, hakutoka nzi hata mmoja. Walifia ndani ya ganda ambamo funza hujifungia ili ageuke nzi.

Mfikirie funza kama kibarua mwenye kibubu. Kila nyuzi moja ya joto ni shilingi yake ya siku. Shilingi 9 za kwanza huliwa na chai, yaani chini ya nyuzi 9 hivi hakui. Zinazobaki huingia kibubuni, na zikifika kama 375 anapata mbawa. Kwenye nyuzi 30 huweka 21 kwa siku. Kwenye 27, ambazo ndizo za kawaida hapa, huweka 18 na kumaliza kwa wiki tatu. Kwenye nyuzi 15, baridi ya Limuru, hesabu inasema siku 62, ila maabara zilifika 75. Joto likiwa dogo mno au kubwa mno, kibubu hudanganya kidogo.

Mfaransa Réaumur alijumlisha joto namna hii kwa mimea mwaka 1735. Leo wakulima wa zabibu wa Ulaya humhesabia hivyo nondo wa zabibu ili wajue lini wapulize dawa.

Kwetu, kivuli cha mwembe ndicho kinachomwokoa funza, kwani embe lililo juani huchemka kupita hewa. Mjomba huyaokota yaliyoanguka, huyafunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha uani juani wiki nzima. Miaka yote hiyo nilidhani anawaatamia.